Nyota za Athi River: anza na stendi, darubini baadaye

MKAZI wa Athi River anayeishi karibu na EPZ akiinua macho usiku, kitu cha kwanza kuona ni taa. Kuna taa za viwanda vya nguo, taa za ulinzi juu ya kuta, na taa za malori yanayofuatana katika barabara ya Mombasa. Nyota huja baadaye. Basi kijana akisema nyumbani kwamba anataka kupiga picha za nyota, huchekwa. Au mzazi mwenye huruma hukimbilia dukani, akanunua darubini ya bei ghali, na baada ya miezi miwili darubini hiyo ni ya kutundikia kofia.

Msomaji mpendwa, pesa za nyumba hazipatikani kwa urahisi. Kabla hujatoa hata shilingi moja, fahamu kwamba picha nzuri ya anga haitokani na ukubwa wa darubini. Hutokana na stendi isiyotikisika, subira ya mpigaji na usafi wa vioo.

Miguu mitatu kwanza

Kamera yoyote inayokuruhusu kuchagua mwenyewe muda wa kukaa wazi yatosha kuanzia, na simu nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Shida ni kwamba picha ya nyota huchukua sekunde kadhaa. Lori likipita na paa likitetemeka, nyota hugeuka kiwavi.

Nunua stendi nzito ya miguu mitatu, au uning'inize mfuko wa mchanga chini ya ile uliyo nayo. Isimamishe karibu na nguzo ya nyumba, si katikati ya paa ambapo zege hutikisika zaidi. Tumia kipima muda cha kamera ili kidole chako kisiiguse picha inapoanza. Tangi la maji lililo juu ya paa pia lina kazi: liweke kati yako na taa za viwanda.

Usisahau kumwomba mwenye nyumba ruhusa, na kumweleza mlinzi unachofanya huko juu. Mtu anayejibanza gizani na kuelekeza kitu kirefu upande wa viwanda atakuwa na maswali mengi ya kujibu.

Haba na haba

Kwa kuwa dunia huzunguka, nyota huonekana zikisonga nyuzi 15 kila saa. Katika dakika mbili tu, nyota husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Wapiga picha hutumia hesabu rahisi: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi ya lenzi. Lenzi ya milimita 50 hukupa sekunde 10, na ya milimita 25 hukupa sekunde 20. Ukipita hapo nyota hugeuka mistari. Kamera yenye kihisi kidogo huhitaji muda mfupi zaidi.

Utauliza, sekunde 10 zitaonyesha nini? Haba na haba hujaza kibaba. Piga picha 100 za sekunde 10 kila moja, kazi isiyofika dakika 20, kisha uziunganishe kwa kompyuta. Programu za Siril na DeepSkyStacker hupatikana bila malipo. Zile chembechembe zinazochafua picha moja hupungua mara 10, na nyota hafifu hujitokeza. Ukimaliza, funika lenzi na upige picha 20 za giza kwa muda ule ule. Programu itazitumia kufuta madoa ya kamera yenyewe.

Mtego wa ikweta

Muuzaji atakushawishi ununue mtambo wa mota unaozungusha kamera ikafuata nyota. Ni kifaa kizuri, lakini sharti mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Mtu wa London huuinua nyuzi 51 na kuulenga karibu na Nyota ya Kaskazini. Athi River iko kama nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Nyota hiyo hatuioni, na ncha ya kusini ya anga imejificha nyuma ya majumba. Hapa mhimili lazima ulale karibu kama meza, na baadhi ya mitambo iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya hailali kiasi hicho.

Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: "Huu hushuka hadi nyuzi ngapi?" Ukiupata unaofaa, usawazishe kwa pima maji, uelekeze kusini, na uweke swichi upande wa S. Ukiuacha upande wa N, mota itazunguka kinyume. Dira nayo isiwekwe karibu na vyuma, kwani itakudanganya.

Hata hivyo ikweta ni baraka. Mtu wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwake. Sisi twaona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Januari na Februari, mawingu yanapopungua, Orion huwa juu sana mapema usiku. Jirani yake ni Kilimia, kundi ambalo jina lake latokana na kulima. Julai, mwezi wa mawingu, safisha vifaa.

Vumbi la saruji

Athi River ni mji wa saruji, na vumbi lake ni adui wa kioo. Usipanguse lenzi kwa shati kamwe. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha tumia brashi laini. Punje chache za vumbi haziharibu picha, lakini mkwaruzo hautoki.

Hifadhi vifaa katika sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Betri zijazwe mapema. Umeme ukikatika mtaa mzima usinung'unike, huo ndio usiku wako.

Na onyo kwa wazazi: mtoto asielekeze kamera wala darubini kwenye jua bila chujio maalumu la jua lililofungwa mbele ya lenzi. Jicho likiungua halirudi.

Anzeni na mwezi. Taa za viwanda haziuzuii, na ulipopatwa wote Septemba 7, 2025, uliweza kuonekana Kenya ukiwa mwekundu kwa zaidi ya saa moja. Kisha jaribuni Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo mwaka wa 1610. Andikeni katika daftari tarehe, sekunde na lenzi. Daftari likijaa, mtajua wenyewe kama kuna haja ya darubini, na ya aina gani.