Kitufe cha kifuniko cha chupa

Leo naweka programu kando kidogo nizungumze habari za skrubu.

Huko Marekani wapo wawindaji na walenga shabaha wengi wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani. Ganda la shaba likishafyatuliwa halitupwi. Hurudishwa umbo ndani ya kalibu, likatiwa fataki mpya na baruti, kisha likashindiliwa kichwa kipya. Kule ni jambo la kawaida. Hapa Kenya usithubutu, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadhibiti mambo ya risasi. Mimi hata hivyo sivutiwi na risasi. Kilichonivutia ni vitufe vya kuzungusha, kama kile cha sauti kwenye redio.

Mitambo yao imejaa skrubu za kurekebisha. Moja hupanga kiasi cha baruti kinachomwagika, nyingine hupanga kichwa kizame kiasi gani ndani ya ganda. Vitufe vya dukani vyenye alama za vipimo ni ghali, kwa hiyo wengi hujitengenezea: kifuniko cha chupa, kipande cha mbao kilichochongwa, au plastiki iliyotoka kwenye printa ya 3D. Wapo wanaowacheka na kusema ni ubahili. Mimi siwacheki hata kidogo, na sababu yangu ni ya hesabu.

Chukua bolti ya kawaida ya M6. Ukiizungusha mara moja kamili, inasogea milimita 1. Gawa mzunguko huo mara 20, kila alama itakuwa milimita 0.05. Kichwa cha bolti hiyo kina upana wa milimita 10 tu, kwa hiyo alama zitakaribiana kwa kama milimita moja na nusu. Jicho litachoka. Sasa gundisha juu yake kifuniko cha mtungi wa jemu chenye upana wa milimita 60. Alama zile zile zitaachana kwa zaidi ya milimita 9! Skrubu haijabadilika, wala hujanunua chochote, lakini mkono wako umepata utulivu na jicho limepata nafasi. Ujanja ni ule ule wa maikromita, ambayo skrubu yake husogea nusu milimita kwa mzunguko na ngoma yake ina alama 50, ndipo inapopatikana milimita 0.01.

Kwa hiyo urahisi wa bei si tatizo. Tatizo ni kitufe kinachoteleza.

Hili nililijua kwa hasara yangu mwenyewe. Mashine yangu ya kutolea umeme mezani ilivunjika kitufe cha volti, nikaweka kifuniko cha soda kwa gundi na kuchora alama vizuri kabisa. Kilifanya kazi wiki kadhaa. Siku moja gundi ikaachia kidogo, kifuniko kikazunguka bila mhimili kuzunguka. Alama ilisema volti 5. Bodi niliyokuwa nimeihangaikia kwa mwezi mzima ilipokea 12. Harufu ya moshi huo bado naikumbuka.

Mimi nilipoteza bodi. Mjazaji risasi akidanganywa na kitufe, kilichopo mbele ya uso wake ni bunduki. Baruti ikizidi, au kichwa cha risasi ya bastola kikizama kupita kiasi, shinikizo hupanda na silaha inaweza kupasuka mkononi.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Skrini inaandika "imehifadhiwa" na kumbe faili haikufika kwenye diski. Kitufe huonyesha unachotaka kitokee, hakithibitishi kwamba kimetokea. Ndiyo maana naona mtu yeyote anayejitengenezea kitufe ana wajibu wa mambo matatu. Kwanza, akibane kwa skrubu ndogo inayokaa kwenye ubapa wa mhimili, asitegemee gundi peke yake. Pili, afikie alama akitokea upande mmoja kila mara, kwa sababu hesi zina ulegevu na kurudi nyuma hakukupeleki mahali pale pale. Tatu, na hili ndilo kubwa, apime matokeo kwa chombo kingine: baruti kwa mizani, urefu wa risasi kwa kalipa. Hata kitufe cha bei ghali hakimwondolei wajibu huu. Kipimia baruti hupima ujazo, si uzito, na baruti mbili tofauti zenye ujazo mmoja hazina uzito mmoja.

Mafundi wetu wa jua kali pale Kamukunji wamejenga maisha kwa kutumia kilichopo, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kifuniko cha jemu kinaweza kuwa chombo cha kazi. Ila mizani usiibahatishe, inunue. Mimi siku hizi natumia kifuniko bado, ila kimebanwa kwa skrubu, na siunganishi bodi yoyote kabla sijaweka mita kwenye waya na kusoma volti kwa macho yangu.