Si kansa, lakini nani atalipa?

Wadau, tuanze na habari njema. Mtoto akiwa na uvimbe laini mkononi au mguuni, unaobonyea kama una maji, si lazima iwe kansa. Unaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya limfu: mishipa iliyoungana vibaya mtoto akiwa bado tumboni, maji yakakosa njia. Hauambukizi, hausambai kama kansa, na wala hakuna aliyeroga.

Hofu yetu watu wa Kanda ya Ziwa ina sababu. Huku kuna limfoma ya Burkitt, kansa ya watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Lakini ile inakimbia: taya au tumbo linavimba ndani ya siku na wiki. Huu mwingine unakua taratibu pamoja na mtoto, ila ukiingia wadudu au damu unafura ghafla. Ndiyo maana kumpeleka kwa mganga akachanjwe wembe ni kutafuta balaa. Apelekwe hospitali, vipimo viseme.

Tiba ipo. Ultrasaundi inaonyesha vifuko vya maji. Vikubwa vinanyonywa kwa sindano, kisha inawekwa bleomisini, dawa ya zamani ya kansa, ili kuta zishikane. Inarudiwa mara kadhaa, kwa dozi ya uzito wa mtoto, maana ikizidi inaumiza mapafu. Upasuaji nao upo, ila uvimbe ukizunguka neva za mkono kazi ni ngumu, na unaweza kurudi.

Sasa utata wenyewe. Sera ya msamaha inawabeba watoto chini ya miaka 5 na wagonjwa wa kansa. Mtoto wa miaka 7 mwenye uvimbe usio kansa hayumo kote kuwili. Yaani majibu mazuri ya maabara ni majibu mabaya ya mfukoni!

Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ikasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikilalamika kwamba wazazi wanasubiri mtoto augue ndipo wakate kadi. Hesabu inaeleweka. Lakini aliyezaliwa na uvimbe alitakiwa akatiwe lini?

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, wa Sengerema wanafika Bugando bila kusubiri kivuko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mizani yake ni mtoto huyu: akifika mlangoni, anatibiwa au anarudishwa?

Wadau mnasemaje?