Nyangumi Ametoka Antaktika, Wewe Umeshindwa Kutoka Kisii?

Wasee wa Kisii na Nyamira, tuambiane ukweli. Ukisikia nyangumi, unafikiria filamu za wazungu. Lakini kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu hupita Watamu, kule Kilifi, wakiwa wamesafiri zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Antaktika. Kutoka hapa stendi ya Kisii ni kama 900 tu. Hata mawe ya Tabaka yametutangulia, yako Mombasa yakiuzwa kwa watalii.

Mwaka jana mbogi yetu ilichanga miezi mitano, tukaenda. Mjomba aliuliza mbona nisirudi chuo na pesa hizo. Mjomba, hazingefika hata robo ya karo niliyoachia njiani!

Saa nzima ya kwanza ilikuwa mawimbi tu, na mwenzetu mmoja akatapika chai yote. Kisha pomboo wakaja kucheza mbele ya boti. Halafu tukaona mvuke ukiruka juu ya maji, mgongo mweusi ukafuata, na mwingine mdogo ubavuni. Mama na mtoto wake.

Hapo ndipo tulipoharibu. Sote tulitoa simu, tukaanza kelele: "Kapteni, songa! Songa kidogo tu!" Alisita, kisha akasonga. Mama akazama na mwanawe, hatukuwaona tena. Video yangu ni sekunde tisa za maji.

Baadaye ndio nilisoma kwamba nyangumi hawa huja kwetu kuzaa na kujamiiana, si kula. Mama anaishi kwa mafuta aliyojaza mwilini kule kwenye baridi, na mafuta hayo hayo ndiyo yanamnyonyeshea mtoto mpaka warudi. Kila boti inayomkimbiza inamla akiba. Wewe unayeishi kwa kuhesabu mkwanja mpaka mwisho wa mwezi unaelewa hiyo hesabu.

Na usimlaumu kapteni peke yake. Anauza tunachonunua, na anajua abiria akinuna hatamletea wengine. Kwa hivyo mwambie kabla hamjaondoka ufuoni: tukimwona, punguza mwendo, tubaki mbali, tungoje. Akitaka kusogea, atasogea mwenyewe.

Sisi tumeanza kuchanga tena, mia mbili kila wiki. Mjomba hajaambiwa. Kuna nafasi mbili.