Stempu ya zamani ndani ya sanduku: usiibandue kwenye bahasha

Je, barua ya babu iliyolala kwenye sanduku la bati pale Nyamwaga au Mugumu inaweza kuwa na thamani kwa sababu ya stempu yake? Inaweza, lakini umri peke yake hautoshi. Stempu za kikoloni zilichapishwa kwa wingi, na nyingi hadi leo ni za bei ndogo.

Tuangalie Zanzibar. Tarehe 10 Desemba 1963 visiwa hivyo vilipata uhuru, zikatolewa stempu zenye picha ya Sultani Jamshid. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Serikali mpya haikusubiri stempu mpya. Ilichukua zilizokuwepo, zenye sura za masultani, zikagongwa kwa mkono maneno "Jamhuri 1964". Wakusanyaji wanazitafuta kwa sababu zinaonyesha dola ikibadilika ndani ya wiki chache. Lakini tahadhari: muhuri wa mkono ni rahisi kughushi.

Huku kwetu nako historia ipo. Wajerumani walikuwa na posta Shirati, ambayo leo iko Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Stempu yao ya kawaida, yenye picha ya meli ya Kaisari, inapatikana kwa urahisi. Ikiwa na muhuri wa posta unaosomeka "Schirati", habari inabadilika, kwani barua zilizopita hapo zilikuwa chache.

Vijana wengi wa Kikurya nao waliingia jeshi la KAR. Barua zao za wakati wa Vita Kuu ya Pili zina muhuri, tarehe na pengine alama ya mkaguzi wa barua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikate wala kuloweka bahasha ili kutoa stempu. Ukifanya hivyo umetenganisha stempu na ushahidi wake. Piga picha pande zote mbili, mwulize mzee barua ilitoka kwa nani, andika majibu. Akija mnunuzi, usikubali bei ya kwanza. Tafuta maoni ya mtu mwingine anayezijua stempu.

Pesa ya stempu moja itaisha sokoni wiki hiyo hiyo. Barua ikishaondoka Mara bila hata picha, wajukuu watasimuliwa habari za babu yao bila cha kuwaonyesha.