Chama chetu hakihitaji blokucheni

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, mnisamehe. Kazi ya kuajiriwa ilinibana, halafu likazuka hili suala la chama ambalo nataka kuwasimulia leo. Limenilazimisha kueleza kwa Kiswahili cha kawaida jambo ambalo sisi watu wa kompyuta tumezoea kulificha nyuma ya maneno mazito.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama chetu kina wanachama 16. Kila mmoja hutoa shilingi 3,000 kwa mwezi, sehemu kubwa anapewa yule ambaye zamu yake imefika, na kinachobaki kinawekwa akiba hadi mwisho wa mwaka. Akiba yote ilikuwa katika laini moja ya simu, kwa jina la mweka hazina, na nambari ya siri aliijua yeye peke yake. Desemba iliyopita, ilipofika siku ya kugawana, tukaambiwa pesa "ziko njiani". Ziko njiani hadi leo! Zilikuwa shilingi 214,000. Mama mmoja kati yetu, ambaye huuza mboga karibu na steji, alikuwa akitegemea fungu lake kulipa karo ya mwanawe. Kijana alikaa nyumbani wiki tatu wenzake wakiwa darasani.

Katika mkutano uliofuata, mwanachama mmoja kijana akasimama akiwa na simu mkononi. Akasema dawa amekwisha kuipata: blokucheni. Tuunde shirika linalojiendesha kwa programu, lile wanaloliita DAO. Pesa zikae ndani ya programu, mweka hazina asiwepo, wizi usiwepo. Basi wote wakanigeukia mimi. "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Tutengenezee."

Nimekataa. Na kwa kuwa wengine walidhani nimekataa kwa uvivu, wacha nieleze.

Blokucheni ni nini? Ukiivua mbwembwe zote, ni daftari. Chukua daftari la chama, lakini badala ya kukaa kwa mtu mmoja, kila mwanachama awe na nakala yake kamili. Kurasa za daftari hilo ndizo zinazoitwa bloku. Juu ya kila ukurasa kunaandikwa alama ya kidole ya ukurasa uliotangulia. Alama hiyo inaitwa heshi: unaipa kompyuta maandishi yoyote, hata kitabu kizima, nayo inakurudishia mfuatano wa herufi na tarakimu 64 (hapa nazungumzia SHA-256, inayotumiwa na Bitcoin). Ukibadilisha nukta moja tu, alama yote inabadilika. Kwa hivyo ukirudi ukurasa wa tano ukafuta 3,000 na kuandika 300, alama yake haitalingana tena na ile iliyoandikwa juu ya ukurasa wa sita. Ukirekebisha wa sita, wa saba unakukamata. Na hata ukighushi daftari lako lote, wenzako bado wana nakala zao.

Hapo hakuna muujiza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo anaweza kuandika programu ya namna hiyo kwa siku moja. Ugumu ni swali hili: ni nani mwenye haki ya kuandika ukurasa unaofuata?

Katika chama jibu ni rahisi. Tunainua mikono, mtu mmoja mkono mmoja, na tunajuana sura. Kwenye intaneti, mimi na laptopu yangu moja naweza kujifanya watu 10,000 kabla chai haijachemka. Sasa hapo utahesabu mikono ya nani?

Wataalamu walianza kulichambua tatizo la maafikiano zamani. Mwaka 1982 Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease waliandika makala juu ya majenerali wa Byzantium waliouzingira mji. Lazima wakubaliane wote washambulie au wote warudi nyuma, na kati yao kuna wasaliti. Walionyesha kwamba kama majenerali wanatumiana ujumbe wa mdomo usio na saini, wasaliti lazima wawe chini ya theluthi moja, la sivyo maafikiano hayawezi kuhakikishwa. Lakini hesabu hiyo inataka ujue kwanza majenerali ni wangapi. Intaneti haikupi idadi hiyo.

Yule aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa jibu lake tarehe 31 Oktoba 2008, na bloku ya kwanza ya Bitcoin ina tarehe ya 3 Januari 2009. Jibu lilikuwa hili: tusihesabu watu, tuhesabu jasho. Kompyuta zinashindana kubahatisha nambari ambayo ikiunganishwa na ukurasa mpya itatoa heshi iliyo chini ya kiwango fulani. Njia ya mkato hakuna, ni kubahatisha tu, mara matrilioni na matrilioni. Atakayeipata kwanza anaandika ukurasa na kulipwa. Ugumu wa mchezo hurekebishwa kila baada ya bloku 2,016, ili ukurasa mmoja uchukue wastani wa dakika 10. Mnyororo uliogharimu kazi nyingi zaidi ndio unaokubaliwa na wote. Anayetaka kughushi mambo ya jana inabidi airudie kazi yote kisha awapite wengine wanaoendelea mbele. Hiyo ndiyo ithibati ya kazi, na bei yake ni umeme.

Ethereum ilianza mwaka 2015 kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 15 Septemba 2022 ikahamia njia nyingine, ithibati ya dhamana. Anayetaka kuthibitisha kurasa anaweka rehani angalau etha 32. Akithubutu kutia saini kurasa mbili zinazopingana, sehemu ya rehani yake inaharibiwa na yeye anafukuzwa. Umeme uliokuwa ukitumika ukapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na nawavulia kofia walioifanya.

Lakini angalieni vizuri. Umeme wa Bitcoin na rehani ya Ethereum ni ada inayolipwa kwa sababu washiriki hawajuani. Sisi 16 tunajuana hadi majina ya watoto. Tulipe ada ya wageni kwa nini?

Nilipofika hapo yule kijana akanikatiza, na hoja yake ilikuwa na uzito. "Kaka, tulijuana na bado tukaibiwa."

Ni kweli. Sasa tuangalie kama DAO ingetuokoa.

DAO ni chama ambacho katiba yake ni programu. Programu hiyo inakaa juu ya blokucheni, inashika pesa yenyewe, na inatoa pesa pale tu masharti yaliyoandikwa ndani yake yanapotimia. Wanachama wananunua tokeni na kupiga kura kwa tokeni hizo. Ile maarufu kuliko zote iliitwa The DAO. Ilifunguliwa mwishoni mwa Aprili 2016 juu ya Ethereum na ndani ya wiki chache ikakusanya etha zenye thamani ya takriban dola milioni 150. Masharti yake yalisema wazi kwamba maelezo ya kibinadamu yakipingana na programu, programu ndiyo inayoshinda.

Tarehe 17 Juni 2016 mtu ambaye hadi wakati huo hakuna aliyemjua alianza kuzichota. Kosa lilikuwa la mpangilio tu. Sehemu ya programu iliyolipa pesa ilizitoa kwanza, ndipo ikaandika daftarini kwamba zimetolewa. Fikiria karani anayekupa elfu tano dirishani, na kabla hajaandika unanyoosha mkono tena, naye akitazama daftari anaona bado unadai elfu tano, anakupa tena. Na tena. Etha milioni 3.6 zikahamishwa namna hiyo, karibu theluthi ya hazina yote.

Je, uliibiwa wizi? Kwa mujibu wa programu, hapana! Kila hatua iliruhusiwa. Maelfu ya kompyuta duniani zilithibitisha kila muamala na kuafikiana kikamilifu kwamba ni halali. Nataka tuelewane hapa, maana ndipo wengi wanapopotea: maafikiano ya blokucheni yanakwambia kwamba wote tuna daftari moja. Hayakwambii kwamba kilichoandikwa ndani ni haki, wala kwamba ndicho mlichokusudia.

Pesa zile hazikuokolewa na programu. Kwa bahati, masharti ya The DAO yalizizuia zisitoke kwa wiki kadhaa, na katika muda huo watu wakakaa chini. Wakabishana, wakaandikiana, wakatukanana pia. Mwishowe, tarehe 20 Julai 2016, kwenye bloku nambari 1,920,000, wengi wakabadilisha programu ya Ethereum yenyewe ili pesa zirudi kwa wenyewe. Waliokataa, wakishikilia kwamba daftari haliguswi hata kwa nia njema, wakaendelea na mnyororo wa zamani, nao upo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic. Kwa ufupi, kesi iliamuliwa na baraza la wazee.

Sasa rudi kwenye chama chetu. Nikiwaandikia programu hiyo, mweka hazina hajaondoka. Mweka hazina nimekuwa mimi, bila kupigiwa kura. Ni nani kati ya wale 15 atakayesoma msimbo wangu na kugundua kwamba nimelipa kabla ya kuandika? The DAO ilisomwa na mabingwa na bado kosa likapita. Mimi huandika programu ili nile, na kila Ijumaa naletewa orodha ya makosa yangu mwenyewe. Sitaki kosa langu moja lile karo ya mtoto wa mtu.

Pia kuna suala la kura. Chamani kwetu mwenye duka na mwuza mboga wana kura moja moja. Katika DAO nyingi kura ni tokeni, na tokeni ni pesa. Tarehe 17 Aprili 2022 mtu mmoja alionyesha mradi ulioitwa Beanstalk maana ya hilo. Siku moja kabla aliwasilisha pendekezo la kuhamisha hazina. Siku yenyewe akakopa takriban dola bilioni 1 kwa mkopo wa papo hapo, ule unaokopwa na kurejeshwa ndani ya muamala mmoja. Akapata zaidi ya theluthi mbili za kura, akapitisha pendekezo lake, akarudisha mkopo na kuondoka na zaidi ya dola milioni 70. Kura ilikuwa halali kabisa.

Na mwisho, programu haijui matanga. Mwaka juzi tulimruhusu mwenzetu aliyefiwa aruke miezi miwili. Hakuna aliyeandika sharti hilo popote. Tulitazamana tu, mwenyekiti akasema "tumwache", tukanyamaza kwa kukubali. Mashine ingemtoza faini.

Msinielewe vibaya. Sisemi blokucheni ni utapeli, ingawa matapeli wanaipenda. Panapo watu wasiojuana, walio katika nchi mbalimbali, wasio na mahakama moja ya kuwaamua, na wanaotaka daftari ambalo hakuna serikali wala kampuni moja inayoweza kulifuta, basi ile ada ya umeme au rehani inaweza kuwa na maana. Kabla ya kuilipa, jiulize kama hilo ndilo tatizo lako. Letu halikuwa hilo. Letu lilikuwa ufunguo mmoja mikononi mwa mtu mmoja, na daftari ambalo wengine hatukuliona.

Kwa hivyo tulichofanya ni hiki. Tumefungua akaunti ya chama ambayo haitoi pesa bila saini tatu, na watia saini hao hawatoki familia moja. Kila mwezi mweka hazina mpya (ni mwalimu mstaafu, mkali kama pilipili) anasoma hesabu kwa sauti, kisha ukurasa unapigwa picha na kutumwa kwa wote. Mimi nimechangia kitu kidogo nilichokiiba kwa Satoshi: juu ya hesabu ya kila mwezi kuna heshi ya mwezi uliopita. Ukurasa wa zamani ukiguswa, mtu yeyote mwenye nakala ataona. Programu nzima ina mistari isiyozidi 30, na haishiki hata senti moja.

Yule kijana bado hajaridhika. Anasema naogopa mambo mapya, na huenda ana haki kidogo. Lakini aliyenimaliza nguvu za kubishana siku ile si yeye, ni mama wa mboga. Alisikiliza yote, majenerali na etha na nini, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu aliyetuibia nilienda hadi kwao, nikaketi na mama yake mzazi. Sasa ameanza kunilipa elfu mbili mbili. Hiyo mashine yako ikila pesa zangu, nitaketi na nani?"

Nilikosa jibu. Kama msomaji unalo, niandikie, nitamfikishia mwenyewe. Mkutano wetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi.