Lahore Kupitia Dubai
Kutoka Delhi hadi Lahore ni takriban kilomita 400 angani, safari ya kama saa moja tu kwa ndege. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja. Msafiri huruka kwanza hadi Dubai, zaidi ya kilomita 2,000 upande wa magharibi, akasubiri uwanjani, kisha akarudishwa mashariki karibu umbali uleule. Siku nzima inaweza kuishia njiani. Hilo si suala la marubani wala upepo, ni uhasama wa India na Pakistani, na Aprili 2025 ulifikia hatua ya kila nchi kuzifungia anga ndege za mwenzake. Wanaonisikitisha zaidi ni wazee wa familia zilizogawanywa na mpaka wa 1947 kati ya nchi hizo mbili, ambao ndugu zao wako ng'ambo. Mwaka 1999 palianzishwa basi la Delhi hadi Lahore, na Waziri Mkuu wa India wakati huo, Vajpayee, akalipanda yeye mwenyewe, likasimamishwa 2019. Mimi ningeanza kulirudisha basi hilo, hata kabla ya ndege, maana nauli ya kuzungukia Dubai si ya mkulima wa Punjab.