Wakala wa Bima Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akipunguzwa kiwandani au shambani huko Uganda, huenda akashawishiwa aingie kazi ya kuuza bima ya maisha. Kazi hiyo si ya aibu: bima huwafaa wajane na yatima. Lakini wakala kwa kawaida hana mshahara, hula kamisheni, na wateja wake wa kwanza ni jamaa na wenzake wa zamani. Mteja akikoma kulipa mapema, huenda asirudishiwe kitu, na lawama humwangukia wakala. Sheria ya Bima ya Uganda ya 2017 yamtaka wakala awe na leseni. Leseni si ujira. Twasema: makampuni yanayovuna jasho la mawakala yawape posho ya kuanzia. Nasi tuwakaribishe chamani.